Usimkubalie fundi Onesphory akutunzie tovuti

Marieta, kabla hujamkubalia yule fundi Onesphory akutunzie tovuti ya duka lako, soma hapa. Bado siamini.

Evaline wangu alishapata kampuni mbili za kumtunzia tovuti yake ya vitunguu saumu. Baba yake akazikataa zote. Eti ofisi zao hazimjui yeye ni nani! Onesphory akaja, akaamkia nyumba nzima hadi mbuzi, akasali kabla ya chai. Mzee akasema, "Huyu ndiye. Ukoo wake naujua mpaka kwa babu."

Habari za kompyuta hakuna aliyeuliza.

Leo mnunuzi wa Arusha kampigia Evaline: "Dada, tovuti yako haifunguki. Au we tapeli?" Magunia arobaini yako ghalani, vitunguu vimeanza kuchipua! Mtoto akampigia fundi.

"Kaka, tovuti yangu iko wapi?"

"Nimeizima, dada. Huku Nambis kuna radi."

NIMEIZIMA! Marieta, kumbe tovuti za watu ziko kwenye kompyuta moja, pembeni ya kitanda chake!

"Utaiwasha lini?"

"Mvua ikikata, Mungu akipenda."

Mnunuzi hakungoja mvua ikate. Kachukua mzigo kwa mtu wa Masieda. Evaline analia, na baba yake bado anamtetea fundi: "Lakini si amesema ukweli?"

Wewe muulize mashine zake zinakaa wapi, na umeme ukikatika zinawashwa na nini. Mambo ya ukoo utamuuliza siku akija kuposa.