Mbuzi wa Mjomba na Jibu la Mashine

Jumamosi jioni, Kadutu. Manyunyu yamekatika, lakini ngazi zimebaki na tope, na viatu vyangu vizuri viko mlangoni vikisubiri kukauka. Sina hasira. Nimechoka tu.

Leo tulipeleka mahari Mudaka. Bahati, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anaoa huko, na kwa kuwa baba yake hayupo, mimi ndiye msemaji wa familia.

Kwetu msemaji husimama uani kabla ya safari na kuita kila kitu pamoja na jina la atakayekipokea: ng'ombe wa baba mkwe, mbuzi wa bibi mzaa mama, mbuzi wa mjomba. Ni kazi ndefu, na watu husinzia. Safari hii binti yangu Neema, ambaye huandika programu za kompyuta mjini, alisema kazi hiyo yaweza kumalizwa kwa mstari mmoja wa programu. Aliweka walivyoomba wakwe katika seti moja, na tulivyonavyo katika seti ya pili, kisha akaiuliza mashine kama seti ya kwanza yote imo ndani ya ile ya pili.

Mashine ilijibu: kweli.

Nililipenda jibu hilo. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote, na swali lenye jibu moja hunituliza. Nikaamuru gari liondoke. Sikuita jina lolote.

Mudaka tulipokelewa vizuri mpaka wanyama waliposhushwa. Mjomba wa bibi arusi, mzee mrefu mwenye koti la mvua, alitazama mbuzi mmoja akipelekwa kwa bibi, akangoja. Hakushuka mwingine. Wa kwake alikuwa bado amefungwa kule Kasha, kwa dada yangu, tulikomhifadhi tangu juma lililopita. Hakuna aliyekumbuka kumpitia, maana mashine ilisema tumekamilika.

Mjomba asipopokea mbuzi wake hasemi neno lake la kuridhia, na asiposema, hakuna arusi. Bahati alikuwa akitazama viatu vyake.

Neema alifungua kompyuta pale pale na kuuliza tena. Kweli, ikajibu mashine. Shangazi mmoja wa upande wao akasema taratibu kwamba, kama mashine imeridhika, basi ioe yenyewe. Watu wakacheka. Mjomba hakucheka.

"Mashini yenu iliona mbuzi," alisema. "Miye haikuniona."

Neema alininong'oneza kilichotokea. Aliandika mbuzi mara mbili upande wa wakwe, lakini ndani ya seti kitu kilichorudiwa huhesabiwa kuwa kimoja. Mbuzi wetu mmoja alitosha kuwajibia wote wawili.

"Papa, seti haiko inahesabu. Iko inauliza tu kama mbuzi iko mule ndani."

Sikumsahihisha lugha.

Nilimpigia simu dada yangu, naye akampakia mbuzi kwenye pikipiki. Tulipokuwa tukingoja, Neema aliandika upya: mbuzi wa bibi, mbuzi wa mjomba, kila mmoja na mwenyewe. Mashine ikajibu: si kweli. Alimwonyesha mjomba kioo. Mzee akasoma, akanyoosha miguu yake, akaomba chai.

Mbuzi alifika amelowa. Mjomba akasimama, akasema maneno yake. Arusi ni mwezi ujao.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia Neema.

Bahati huniita baba, kama alivyomwita ndugu yangu. Tungeandikwa hivyo tu, mimi na ndugu yangu tungekuwa kitu kimoja, na mashine ingesema hakuna aliyekosekana. Leo kule Mudaka, niliposimama kuwataja waliotoka upande wetu, sikumtaja marehemu. Niliona ninatosha. Sasa nadhani kijana hakuwa anamwaza mbuzi alipotazama viatu vyake.

Mwezi ujao, kabla magari hayajaondoka, nitasimama uani na kuita majina yote kwa sauti, hata watu wakisinzia.

Nitaanza na la baba yake.