Bi Harusi wa Siku ya Tatu

Kwako nyanya yangu,

Shikamoo huko uliko. Nimeketi kwenye kiti chako hapa Mambrui.

Unakumbuka nilivyokuja kukurekodi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, kuhusu kazi yako ya kuwafunda maharusi? Kabla sijakusomea fomu ya ridhaa ulikwisha kuchovya kidole kwenye wino. "Mjukuu wangu anisomee karatasi kama karani? Haya, chai inapoa."

Nilipozima simu, tukichambua mchele, ndipo uliponisimulia juu ya bi harusi aliyerudi kwao siku ya tatu ya fungate, na kwa nini. "Hili la mimi nawe," ukasema. Nikaitikia. Jioni nikaliandika lote.

Ulipofariki, likawa ukurasa bora wa tasnifu yangu. Msimamizi wangu aliusifu mno. Jina nililibadilisha, lakini Mambrui hii nani asiyejua ni nani aliyerudi kwao siku ya tatu? Wasichokijua ni sababu tu.

Tasnifu inatakiwa Ijumaa. Jana nikaenda kwa Bi Zuhura, bi harusi mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu, fomu imo mkobani, nimwombe ridhaa. Nimefika mlangoni ndipo akili ikanijia: nikimwomba, atajua kwamba ulisema. Akanikaribisha kahawa na kaimati, akakutaja huku akifuta machozi. "Nyanyako alikuwa na kifua, mwanangu. Langu amekwenda nalo." Nikairudisha kaimati sahanini. Fomu sikuitoa.

Ukurasa nimeufuta. Leo asubuhi nimempigia msimamizi afute nakala yake pia. "Sasa umebaki na nini?" akaniuliza. Nikamsihi tena aifute. Naogopa kurudishwa nyuma mwaka mzima, na naogopa zaidi kwamba huenda ameshampa mtu mwingine asome. Amesema atatazama.

Jana nilipoaga, Bi Zuhura alinishika mkono. "Nawe umerithi kifua chake?"

Nikasema ndiyo. Nisamehe, nyanya. Wewe sikulaumu kwa kusema. Ulidhani unachambua mchele na mjukuu wako, kumbe umeketi na mtafiti.

Mola akupe nafasi pana huko. Niombee Ijumaa ipite.

Ni mimi, mjukuu wako. Safari hii mjukuu tu.