Spika Niliyoitengeneza Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo majirani wamenichagua niwaongoze kwenda kumkabili shemeji yangu, na mimi sistahili.

Mimi ni fundi wa redio. Shemeji, kaka wa mke wangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na watu wamembandika jina la Ngurumo kwa sababu spika yake inatikisa vyombo kabatini tangu asubuhi mpaka jioni, ukimwomba apunguze anaongeza, mzee mmoja alikwenda kumsihi akamwagiwa matusi mbele ya wajukuu zake, na ukuta kwa ukuta na shemeji kuna muuguzi wa zamu za usiku, analala mchana, yaani halali kabisa, na katika kikao cha majirani alisimama akalia, akasema juzi kwa usingizi alikaribia kumchoma mgonjwa sindano ya mgonjwa mwingine, kila mtu akaguna na mimi nikaguna kuliko wote, unafiki mtupu, maana spika ile iliungua miezi minne iliyopita, mtaa ukapumua, na mimi ndiye niliyeitengeneza, tena kwa kutaka sifa kwa shemeji nikaifungia koili, ule msokoto wa waya unaosukuma sauti, kubwa kuliko ya mwanzo, na nilipoijaribu nikacheka kwa furaha. Anayejua ni mke wangu tu, naye kanionya, "Ukimwaibisha kaka yangu mbele za watu, usije ukaniuliza nimenunia nini." Sasa shemeji kaileta tena, inakoroma kidogo, iko hapa mezani, nawaza nikate waya niseme imekufa, mambo yaishe kimyakimya. Nikate?

Fundi Niliyejipalia Makaa

JIBU

Fundi, weka koleo chini. Nakuhurumia, kwani kugombana na ndugu wa mke ni kulala na kesi kitandani. Lakini ukiua spika hii, Ngurumo atanunua nyingine wiki ijayo, na matusi yake yatakuwa palepale mdomoni. Spika haikumtukana mzee wa watu. Na hilo guno lako la kikaoni! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Rudisha koili ya kipimo cha kwanza. Kesho waite waliokuchagua, uwaambie ni wewe uliyeitengeneza. Watakucheka, mmoja wawili watafoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo jiumbue mwenyewe mapema.

Jumamosi msiende kundi zima kama mnaokwenda kukamata mwizi. Nenda wewe, mzee na muuguzi. Anza wewe: "Shemeji, mimi nimekosa, niliiongezea nguvu." Kisha nyamaza, muuguzi aseme ya sindano kwa kinywa chake. Mnachotaka ni viwili tu: kimya mpaka saa tisa alasiri, na mzee aombwe radhi. Msitoke pale na "tutaona".

Akikataa, mwachie spika yake, ni mali yake, ila usiiguse tena maisha. Barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa iandikwe siku hiyohiyo, na saini ya kwanza iwe yako.

Mkeo mwambie leo kwamba utakiri na utakwenda kwa kaka yake, asiyasikie kwa majirani. Atanuna, pengine mwezi mzima. Vumilia, bwana. Kuna mgonjwa asiyekujua hata kwa sura, na usiku wa leo atamnyooshea muuguzi huyo asiyelala mkono achomwe sindano, bila wasiwasi.