Jicho la Mashine ya Mama Klodine

Kimisagara, Jumanne, 10 Machi 1992

Mvua tangu asubuhi. Maji ya mlimani yamepita mbele ya karakana, nami nimeshinda nimekaa na furaha mbaya moyoni.

Fideli amekuja. Fideli niliyegawana naye meza ya kutengenezea redio, kisha akahama na wateja wangu. Aliwaambia kwamba mimi ndiye niliyeua mashine ya padri ya kupigia muziki wa diski. Lensi aliisafisha yeye, kwa petroli. Ni plastiki ile. Ikageuka nyeupe kama jicho la mbuzi kipofu.

Wakati ule niliendelea na kazi yangu. Nilingoja.

Leo amesimama mlangoni akitiririka maji, anacheka kana kwamba hakuna kitu kati yetu. Mashine ya diski ya Mama Klodine, mwenye baa kule mtaa wa Gisimenti, inarukaruka nyimbo, na Jumamosi binti yake anatolewa mahari. Fideli ameahidi muziki.

“Mwalimu, iko wapi dawa yake?”

Aliniita mwalimu. Zamani, mbele ya wateja, alikuwa akiniita kwa dhihaka kasisi wa transista.

Ugonjwa niliujua kabla hajamaliza. Ndani ya jicho la mashine mna leza, kipande kidogo kuliko ufuta, na mwanga wake ni infraredi, hauonekani. Kihisi kilicho pembeni ndicho kinachouona. Leza ikizeeka, mwanga hufifia. Ubavuni kuna skurubu ndogo. Ukiikaza, leza hupata nguvu na mashine huimba vizuri ajabu. Siku tatu, nne tu. Kisha inaungua, na haifufuki.

“Kaza skurubu,” nilimwambia. “Nusu mzunguko.”

“Mungu akubariki, ndugu yangu.”

Sikumdanganya. Sikumalizia tu.

Nimesoma katika jarida la Kifaransa kwamba huko Ulaya wanakuza vipunje vya madini visivyoonekana hata kwa darubini ya shuleni, na ukubwa wa kipunje ndio unaoamua kitatoa mwanga gani. Wanatarajia kuvitumia kutengenezea leza na vihisi vya infraredi. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Kitu kidogo namna hiyo, na bado kinaamua.

Hapa Kigali sijui mwingine mwenye jicho la akiba la mashine aina ile. Langu nimelifunga ndani ya karatasi ya sigara, nikalitia katika mfuko wa shati langu jeupe. Jumamosi nitalivaa. Nitakaa karibu na spika, nikinywa Fanta polepole. Muziki ukikatika wakwe wakiwa wamekaa, watamtazama Fideli, na Fideli atanitazama mimi.

Sitalitoa jicho hilo mpaka aseme mbele ya wote nani aliisafisha lensi ya padri kwa petroli.

Mama Klodine hajanikosea. Hata wakati wa mvua ya mwaka jana alinihifadhia vifaa vyangu.

Na Fideli akinyamaza, je, nitamwacha binti wa Mama Klodine atoke mbele ya wakwe bila wimbo?

Nimelizungusha swali hili jioni nzima. Shati nimeshalipiga pasi.