Rangi Nyekundu ya Gitare Yako

Dilala, Kolwezi
Tarehe 15 Juni 1958

Mpendwa mdogo wangu Stanislas,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Je, u mzima? Unakula vizuri huko Luluabourg, ama unashiba muziki tu? Sisi tupo, kwa neema ya Mungu. Baridi ya mwezi huu ni kali, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na Mama yetu anakohoa asubuhi, lakini akishakunywa chai kifua kinatulia. Anakuulizia kila siku. Watoto wangu ni wazima, wanakwenda shule.

Barua yako ilifika, na nilifurahi kusikia kwamba orkestra ya huko imekubali kukuchukua. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika ukurasa wa pili. Unataka ile gitare ya umeme uliyoiacha chini ya kitanda chetu itolewe rangi yake nyekundu ya zamani, ibaki mbao tupu, halafu mwana wa mjomba, Kalala, akuletee kwa treni mwisho wa mwezi, ili huko ipakwe nyeupe kama za wenzako. Ukaandika: "Ni kazi ndogo, yaya, dada yangu mkubwa. Asubuhi moja na msasa." Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Nilianza na msasa, kama ulivyosema. Nilifungua nyaya na vile visumaku vya chini ya nyuzi, nikaviweka ndani ya mkebe wa maziwa, nikakaa uani kusugua. Nilisugua mpaka mabega yakafa ganzi. Rangi haikutoka. Iling'aa tu. Jirani mmoja alipita akanisifu kwamba ninasafisha vizuri.

Nikaita Mulumba, yule wa mlango wa pili, anayepaka rangi mashine kazini. Aliikwaruza kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Hii haiko rangi, mama. Iko ngozi," alisema. Kesho yake akaleta dawa yake ndani ya chupa ya bia. Harufu yake ilimtoa Mama ndani ya nyumba, alikaa nje kwenye baridi na blanketi kichwani, akasema, "Ile kitu ya Stani itatuua shiye bote." Rangi ilijikunja kidogo pembeni, basi.

Baada ya hapo nikajaribu soda kali, ile tunayotengenezea sabuni. Soda ilikula kitambaa cha meza. Ilikula pia kikwembe changu cha Pasaka, kile kitenge cha maua ya manjano, ambacho unakijua. Rangi ya gitare yako haikuliwa. Siku hiyo nililia, Stanislas, na sikuwa nalilia kikwembe peke yake. Nilikuwa nawaza kwamba umeniachia kila kitu nyumbani humu, hata mambo yako na shemeji yako.

Maana Omer, mume wangu, alikuwa anapita pale uani kila jioni, anaona, anaingia kula, hasemi neno. Unajua sababu. Ni yeye aliyekuombea kazi katika karakana ya maseremala, akasimama mbele ya mkubwa wake akasema wewe ni mtu wa kutegemewa. Ukaondoka bila kuaga, ukaenda kupiga gitare kwenye mabaa. Tangu siku ile hakukutaja tena. Akilazimika, anasema "ndugu yako". Kwa hiyo sikumwomba msaada, na yeye hakujitolea.

Mpaka jana Jumamosi. Alinikuta nakwaruza kwa kisu cha jikoni, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu. Akaninyang'anya kisu.

"Utaharibu mbao," akasema.

"Basi uniache niiharibu. Nimechoka."

Alitia makaa katika pasi yangu, akaweka kipande cha bati juu ya gitare, akapitisha pasi polepole juu ya bati. Akiondoa bati, rangi imelegea. Hapo anaikwangua haraka kwa kipande cha msumeno alichokinoa, kabla haijapoa. Ilianza kutoka kwa vipande virefu, kama maganda. Nilitaka kufurahi, lakini ilikuwa pasi yangu. Mpaka sasa nguo zote zinanuka moshi wa rangi, na shati lake jeupe la misa lina doa la kahawia mgongoni. Alilivaa hivyo hivyo kanisani, mimi nyuma yake nikiona haya.

Kipande kimoja cha moto kilimganda kwenye kiganja, ngozi ikatoka nacho. Nilimpaka mafuta, nikamwambia inatosha, hii si gitare yake. Akabadilisha mkono, akaendelea na ule wa kushoto. Hapo ndipo pasi ilipomteleza nje ya bati, ikachoma mbao, upande wa mgongo. Imebaki alama nyeusi. Alijaribu kuisugua, lakini imeingia ndani.

Leo baada ya misa alimaliza. Gitare iko juu ya kabati, nyeupe ya mbao, laini kabisa. Nilitafuta shuka la kuifungia, nikamwambia Kalala atapita kuichukua.

"Kalala hataibeba," alisema.

"Na nani ataibeba?"

Alikuwa anapapasa mbao kwa ule mkono mzima, hanitazami. "Stanislas akuje mwenyewe. Ile alama ya nyuma, ni mi nilichoma. Nataka kumuonyesha mi mwenyewe."

Nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo. Ni zaidi ya mwaka sijasikia jina lako mdomoni mwake.

Kwa hiyo sijui utawaambia nini wenye orkestra. Labda watakungoja, labda watamtafuta mwingine. Hayo uyapange wewe, mimi mikono yangu imechoka na mambo yako. Lakini panda treni. Na ukifika, usianze na gitare. Anza na yeye.

Mama anakukumbatia. Simone, binti yangu mkubwa, anakusalimu na anauliza kama Luluabourg kuna baridi hivi. Mulumba na mkewe Fidélie wanakusalimu pia. Nisalimie shangazi Kanku na wote wa nyumba yake waliokupokea.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu na afya yako.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata akiwa amekasirika,

Elise