Mashine ya Baba

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta bandarini ukiwa mzima na tumbo limetulia, maana najua wewe na mawimbi hampatani. Sisi wazima, ila baba yako ni yule yule. Juzi kasinzia kibandani na saa ya mteja mkononi, kile kioo cha ufundi kimemganda jichoni. Mteja akamwambia, "Fundi, saa yangu inatembea, wewe ndiye umesimama." Watu wakacheka, naye akacheka.

Ile mashine ya kupumulia uliyomletea inamsaidia, pumzi haimkatiki tena usingizini. Shida ni pua yake iliyopinda. Hewa haipiti, anaivua barakoa kama mtu anayenyongwa. Sasa daktari atamnyoosha mfupa wa pua tarehe kumi na nane. Nami nimeweka nadhiri madhabahuni, kanisa zima likishuhudia: siku baba yako akiingia chumba cha upasuaji, mashine inakwenda kwa mlinzi wa shule. Naye ana ugonjwa huo huo, karibu afukuzwe kwa kusinzia getini. Pua ikinyooka, mashine ya nini tena?

Mama yako

16 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, tumbo limezoea. Barua yako nimeipata leo kwa wakala wa meli. Nimemwuliza tabibu wetu wa melini. Anasema kinachomziba baba ni koo, linalegea akilala. Upasuaji utamfanya aivumilie mashine, hautamwondolea. Na siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu pua imevimba na imejaa pamba. Tafadhali aende nayo hospitali, na muwaombe barakoa inayofunika pua na mdomo. Asilale bila hiyo, hata mchana. Mlinzi nitamtafutia yake, nakuahidi.

Simu ya baba nimeipiga tangu asubuhi, imezimwa. Na wewe na ukaidi wako wa kukataa simu! Tunang'oa nanga saa kumi.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Pole. Sijui leo nikusalimuje. Wakala alishakufikishia habari, na najua meli haigeuki. Barua yako ilifika siku nne baada ya maziko. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Alipotoka kwenye upasuaji, muuguzi alisoma faili akauliza mashine iko wapi. Mimi niliinamisha kichwa. Baba yako akasema, "Ipo nyumbani, binti yangu, inanisubiri." Halafu akanikonyeza. Alisema uongo kwa ajili ya nadhiri yangu, yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata kwa dakika moja ya saa. Wakatupa maagizo, wakaturuhusu kesho yake.

Njiani nilimwambia niende kwa mlinzi nikaiombe. Akasema, "Mama Nahodha, utasimamaje tena mbele ya kanisa? Ni siku chache tu." Nami nikakubali. Haikuwa imani, mwanangu. Ilikuwa aibu.

Siku mbili nilikesha nikimtikisa kila pumzi ikikwama. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akasema ajinyooshe kidogo. Nikaona mchana hauna neno. Nilikuwa kwenye cherehani, hatua tatu kutoka kwake, napinda sketi ya sare. Akakoroma kwa mdomo, kwa nguvu. Halafu akanyamaza. Nikasema kwa sauti, "Asante Mungu, sasa amepata usingizi." Nikamaliza pindo lote. Nikakata uzi, ndipo nikageuka.

Ukiweza, nisamehe.

Mama yako

30 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na afya yako naiombea kila asubuhi. Wakala anasema barua zangu unazichukua. Hujajibu, nami sikulaumu.

Mlinzi alikuja na mashine ameifunga kwenye blanketi, kaibeba kama mtoto mchanga. Akasema, "Mama, ichukue. Kila nikiivaa naona nampokonya fundi pumzi." Mwanaume mzima analia mlangoni kwangu. Nikamwambia arudi nayo, hapa itampumulisha nani? Niambie kama nimekosea tena.

Saa za wateja nimezirudisha zote. Kile kioo cha jicho nimekuwekea.

Mama yako

9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii bandari tatu, kila mara naishia kwenye shikamoo. Hata leo yaliyomo moyoni sijui kuyaandika.

Kwenye kifurushi hiki kuna vichujio sita vya ile mashine. Baba alikuwa anabadilisha kimoja kila mwezi, na cha mlinzi sasa kitakuwa kimeziba kwa vumbi. Mwonyeshe namna ya kukipachika, wewe unajua. Mwambie aivae hata akijilaza mchana nusu saa. Na asikurudishie tena.

Siku ukipita kwake ukamkuta amelala kimya, mashine inavuma, usishtuke, mama. Huo ndio usingizi wenyewe.

Vikiisha, niandikie.

Mwanao