Jina la Guka

Eastleigh, 6 Machi 1978

Mpendwa dada Lydiah,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila moyo umechafuka. Nyanya yetu Cucu anaendeleaje na miguu yake?

Sasa niambie ukweli. Majina ya waliopewa ploti za Dandora yamebandikwa na langu halimo. Gordon Aloo yumo! Huyo Gordon wako wa kukununulia soda. Na wewe ndiye unayepitisha majina hapo ofisi ya jiji, usinidanganye. Mimi, mke na watoto tunalala chumba kimoja na mapipa ya rangi ya Wehliye mwenye nyumba, halafu dada wa tumbo moja ananikata. Nimekukosea nini?

Masinde jirani yenu ataleta barua hii. Nijibu.

Kaka yako,
Ndung'u

Mbotela, 9 Machi 1978

Kaka Ndung'u,

Hapa sisi wazima, miguu ya Cucu tu ndiyo inasumbua. Anauliza mbona mume wake haji kumwona. Bado anakuita hivyo kwa sababu ulipewa jina la babu yetu Guka, Mungu amrehemu.

Gordon muache, hahusiki. Kazi yangu ni hii. Nina karatasi mbili: orodha ya walioomba ploti, na orodha ya wapangaji wa nyumba za jiji. Naweka rula chini ya jina, nalitafuta kwa ile ya pili. Nikilikuta kule, nalifuta huku, maana ploti ni za wasio na nyumba. "Ndung'u Njogu" nimemkuta kule, Mbotela, nyumba hii hii ya Guka. Nikalifuta, maana msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nakusihi, usiende ofisini. Njoo Jumapili nikueleze. Mengine siwezi kuandika, Masinde ana macho.

Dada yako,
Lydiah

Eastleigh, 15 Machi 1978

Lydiah,

Natumaini mu wazima. Jumapili sikuja, na sababu unaijua. "Usiende ofisini"! Ala! Asiye na hatia anaogopa nini?

Nimeenda. Nilichukua cheti cha kifo cha Guka, nilichokuwa nimekiweka sandukuni tangu mazishi, nikampa msimamizi wako mkononi. Akaniuliza nani anakaa Mbotela sasa. Nikamwambia ni cucu yangu. Akaandika, na jina langu likarudi hapo hapo. Kumbe ni rahisi hivyo! Wewe ulikuwa unaficha nini?

Kaka yako,
Ndung'u

Mbotela, 2 Aprili 1978

Kaka,

Leo sina nguvu ya salamu. Nilikuwa namficha Cucu.

Guka alipofariki, nyumba hatukuibadilisha jina. Mjane huachiwa nyumba akionyesha cheti cha ndoa. Cucu aliolewa kwa mbuzi wa mahari, cheti atakitoa wapi? Jana askari wa jiji walitoa kitanda chake nje. Mimi Truphena wa kazini amenipa pembe ya chumba chake, lakini wawili hatutoshei.

Ploti yako ina choo na bomba tu, nyumba utajijengea mwenyewe. Nimemwambia Cucu, lakini hasikii. Amefunga godoro kwa kamba, amelikalia hapa mlangoni, na kila anayepita anamwambia anahamia Dandora kwa mume wake.

Njoo umchukue.

Dada yako,
Lydiah